Kujenga Ndege Nyumbani Dar: Anza na Usukani wa Mkia, Injini Isubiri

Wanaoniuliza habari za kujenga ndege karibu wote huanza na swali moja: injini gani inafaa? Wengine wameshainunua kabisa. Imelala stoo huko Goba au Mbagala, imefunikwa turubai, na hakuna hata kipande kimoja cha ndege kilichokamilika. Mwaka unapita, mpira wa mabomba unapasuka, chumvi ya bahari inaanza kula chuma, na mwenye ndoto anauza kwa bei ya skrepa.

Injini ndiyo kitu cha mwisho kununua. Cha kwanza ni kujua kama mikono yako inaweza kutoa kipande kilichonyooka, chenye matundu safi, kisichojisokota. Kwa hiyo mwongozo huu hautakufikisha angani. Utakufikisha kwenye kipande cha mazoezi cha nusu mita, chenye umbo la usukani wa mkia, yaani lile bati la wima nyuma ya ndege linalopeleka pua kushoto au kulia. Ukikiweza, una haki ya kuagiza mkia wa kweli. Kikikushinda, umepoteza bati na wikiendi kadhaa tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vingi vinapatikana Kariakoo na Gerezani. Nimetia alama ya nyota kwenye vile ambavyo mara nyingi utaviagiza nje.

- Bati la alumini la unene wa mm 0.6, la kutosha makosa. Duru ya kwanza tumia la hapa hapa mjini. Ya pili tumia 6061-T6*, aina ya alumini ngumu inayotumika kwenye ndege, yenye maandishi hayo yaliyochapwa kwenye bati lenyewe.
- Drili ndogo inayozunguka kasi, na biti za mm 2.5 na mm 3.3. Nunua biti nyingi, maana zinaisha makali haraka.
- Vibanio vya kleko*, vya rangi ya fedha (tundu la mm 2.5) na vya rangi ya shaba (tundu la mm 3.3), na koleo lake. Hivi ni vipini vidogo vyenye springi vinavyoshika mabati mawili kwa muda kupitia tundu.
- Riveti za kuvuta za mm 3.2 na bunduki yake ya mkono.
- Mikasi ya bati: ya kukata moja kwa moja, ya kushoto na ya kulia.
- Rula ya chuma ya mita moja, kalipa, guni, senta panchi, maka peni yenye ncha nyembamba.
- Tupa laini, msasa wa 400, nyundo ya mpira, klempu sita au zaidi.
- Mbao ngumu kwa ajili ya kalibu. Vipande vya mninga vinavyobaki kwa mafundi samani wa Keko vinafaa sana.
- Miwani ya kukinga macho, viziba masikio, glavu, barakoa ya mvuke wa rangi.

Kompresa huihitaji kwa sasa. Itakuja siku ya riveti za kugonga, na kwa unyevu wa Dar itahitaji chujio la maji.

Onyo kuhusu alumini: ile ya madirisha kwa kawaida ni 6063, laini kuliko 6061-T6 kwa karibu nusu. Inafaa kujifunzia kutoboa, haifai kubeba mtu. Bati la kuezekea kwa kawaida ni chuma kilichopakwa zinki, hata kwa mazoezi liache.

Hatua ya 1: Tafuta ramani iliyokwisha kurushwa, siyo picha

Watu wengi wanabuni ndege yao wenyewe kutokana na picha za mtandaoni. Usifanye hivyo. Mbunifu wa kweli amepiga hesabu ya uzito, kitovu cha uzito, na nguvu ya kila boriti, yaani mhimili wa ndani ya bawa au mkia, kisha ndege yake imerushwa na watu wengine kwa miaka. Wewe jenga tu, ubuni mwachie yeye.

Mifano ya kuanzia kusoma: Zenith CH 701 na CH 750 za Chris Heintz, ambazo ni za alumini na zinatumia zaidi riveti za kuvuta, ndege za kampuni ya Van's, za alumini pia lakini nyingi zinataka riveti za kugonga, na Pietenpol Air Camper ya mbao, ambayo ramani zake zina umri mkubwa kuliko babu zetu wengi lakini bado zinajengwa.

Kwa Dar ushauri wangu ni alumini na riveti za kuvuta. Mbao za ndege zinatakiwa ziwe nyepesi, nyuzi zake zinyooke na zisiwe na vifundo. Mninga ni mzuri kwa kitanda, ila ni mzito. Kuna mchwa pia. Ndege za nyuzi za kioo na epoksi zinawezekana, lakini kwenye joto la nyuzi 32 epoksi inaganda kikombeni kabla hujamaliza kuipaka, na unyevu unaharibu uso wake.

Umefaulu hatua hii ukiwa na jina la ndege moja, umesoma ramani au mwongozo wake wa ujenzi mwanzo hadi mwisho, na umeacha kulinganisha.

Hatua ya 2: Andika barua TCAA mapema

Ndege za kiraia Tanzania husajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), kwa namba zinazoanza na 5H. Andika barua kabla ya kununua chochote cha gharama. Eleza ndege gani, ramani ya nani, utajengea wapi, kisha uliza wanataka ukaguzi wa namna gani na katika hatua zipi.

Sababu ni moja, nayo ni nzito: bawa likishafungwa, mkaguzi hawezi kuona ndani. Ukianza kuzungumza nao ndege ikiwa imekamilika, anaweza kukuambia ufungue, na atakuwa na haki.

Anza leo daftari la ujenzi. Kila siku ya kazi andika tarehe, saa ulizotumia, ulichofanya, na piga picha kabla ya kufunga kitu chochote. Jua pia kwamba kujenga ndege hakukupi leseni ya kuirusha, na anga la jiji hili linaongozwa kutoka uwanja wa Julius Nyerere. Kuna siku ndege itasafirishwa kwa lori kwenda kwenye kiwanja kingine.

Hatua ya 3: Chumba na meza

Gereji ya gari moja inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi, kwa sababu mabawa hujengwa moja moja. Pima mlango, geti, na kona ya kichochoro chako kabla ya yote. CH 701 ina upana wa mita 8 na ushee bawa kwa bawa. Mabawa yanatoka, lakini kiwiliwili ni kirefu, na kipo kichochoro cha Sinza ambacho hata kirikuu inapita kwa kuomba radhi.

Meza tengeneza kwa plaiwudi ya marini ya mm 18 juu ya fremu ya mbao kavu, ukubwa wa karatasi nzima, mita 1.2 kwa 2.4. Usitumie ubao wa MDF, kwani masika ikiingia utavimba.

Jaribu meza hivi. Funga kamba mbili za mshipi kutoka kona hadi kona, zipishane katikati, ncha zote zikiwa na urefu sawa kutoka juu ya meza. Kamba zinatakiwa ziguse kidogo tu zinapopishana. Zikiachana, au moja ikiisukuma nyingine, meza imejisokota. Weka vibanzi chini ya miguu mpaka zigusane. Usiruke hili, maana msokoto wa meza ndio utakaokuwa msokoto wa mkia wako.

Kuhusu kutunza bati: simamisha mabati wima, yasigusane na sakafu wala ukuta wa saruji. Saruji mbichi au yenye unyevu inakula alumini, na Dar hakuna mtaa usio na jirani anayejenga. Ile nailoni ya kulinda uso wa bati iondoe kama bati litakaa muda mrefu, kwa sababu inashikilia unyevu chini yake. Ukiona madoa meupe ya unga, kutu ya alumini imeshaanza.

Hatua ya 4: Pima na chora

Chagua kipimo kimoja. Ramani nyingi zinatoka Marekani na ziko kwa inchi. Badilisha zote kwanza, inchi moja ni mm 25.4, andika kwenye karatasi, kisha ufunike upande wa inchi kwenye tepu yako kwa selotepu. Nikikuta mtu ana mbavu (vipande vya ndani vinavyolipa bawa au mkia umbo) zisizolingana, kitu cha kwanza kukagua ni tepu yake.

Kama unachapisha kalibu ya karatasi steshenari, waambie wasipunguze wala kuongeza ukubwa, kisha pima mstari wa kipimo kwenye karatasi yenyewe. Mashine nyingi hupunguza kidogo ili picha iingie kwenye karatasi.

Chora kwa maka peni, kamwe usitumie penseli. Risasi ya penseli ni kaboni. Ikibaki juu ya alumini penye unyevu, mstari wako unageuka kuwa mfereji wa kutu.

Vipimo vya kipande chetu ni hivi:

- Boriti: urefu mm 500, kimo mm 80, midomo miwili (kingo zilizopindwa) ya mm 20.
- Mbavu tatu zenye umbo la kabari, kimo karibu mm 80 mbele, zikienda kufa nyuma. Moja kila mwisho, moja katikati.
- Ngozi, yaani bati la nje: moja la mm 500 kwa 605, litakalokunjwa katikati.

Upana wa bati la boriti kabla ya kupinda si 20 + 80 + 20. Ni karibu mm 116. Kona ya mviringo yenye nusu kipenyo cha mm 3 inakata njia, kwa hiyo kila pindo linakula karibu mm 2 kutoka kwenye hesabu yako. Hapa ndipo boriti nyingi za kwanza zinapotoka kubwa na ngozi kukataa kukaa.

Hatua ya 5: Kata na pinda

Kata kwa mkasi ukiacha mm 1 nje ya mstari, kisha malizia kwa tupa. Pitisha msasa kwenye kingo zote mpaka kidole kikipita kisikwaruzwe. Mkwaruzo mdogo pembeni mwa bati ndiko ufa unakoanzia ndege inapotetemeka kwa saa nyingi.

Kalibu ya ubavu ni vipande viwili vya mninga vilivyokatwa kwa umbo la kabari, kona zikiwa zimeviringwa kwa nusu kipenyo cha mm 3. Bana bati katikati ya vipande hivyo kwa klempu, kisha laza mdomo kwa nyundo ya mpira, kidogo kidogo, kutoka mwisho hadi mwisho. Usipige sehemu moja mpaka ilale, utapata mawimbi. 6061-T6 hurudi nyuma nyuzi kadhaa ukiiachia, hivyo chonga ukingo wa kalibu uteremke ndani kidogo, ili mdomo upinde kupita nyuzi 90.

Midomo ya ubavu ianze pale ya boriti inapoishia, ili bati lisirundikane mara tatu. Mbele ya ubavu acha kidomo cha mm 20 kitakachofungwa kwenye uso wa boriti. Midomo ya boriti yenyewe ipinde hadi karibu nyuzi 98, kwa sababu inafuata mteremko wa kabari.

Kwa ngozi, unganisha mbao mbili ndefu kwa bawaba. Weka fimbo ya mviringo ya mm 6 ndani ya mkunjo, funga mbao taratibu kama kitabu, kisha vuta fimbo itoke. Pindo likiwa zuri, uso wa bati unabaki bapa mpaka karibu kabisa na mkunjo. Ukiona tumbo linavimba nyuma, hukukunja vya kutosha. Ukijaribu kulibana baada ya kufunga, tumbo litabaki hapo hapo.

Hatua ya 6: Matundu

Hapa ndipo kazi ilipo. Riveti haiwezi kurekebisha tundu baya.

Chora mstari wa riveti mm 10 kutoka ukingo, na weka alama kila mm 40. Sheria ya kawaida ni kwamba katikati ya tundu pasikaribie ukingo kuliko mara mbili ya kipenyo cha riveti, yaani mm 6.4 kwa riveti yetu. Mbona basi 10? Kwa sababu siku tundu litakapoharibika utapanda hadi riveti ya mm 4, ambayo inataka mm 8, na bado utakuwa salama.

Gusa kila alama kwa senta panchi, kigusio chepesi tu, la sivyo bati linabonyea. Toboa kwa biti ya mm 2.5, drili ikiwa wima kabisa na kasi kubwa, bila kusukuma. Acha biti ikate yenyewe. Ikianza kupiga kelele au kutoa unga badala ya nyuzi nyuzi, itupe.

Panga mbavu na boriti, vika ngozi, toboa tundu la katikati, tia kleko ya fedha. Kisha toboa kuelekea nje, kulia na kushoto kwa zamu, ukitia kleko kila baada ya tundu moja. Ukianza mwisho mmoja kwenda mwingine unasukuma ulegevu wote upande mmoja, na ngozi inaishia na mkunjo usiofutika. Matundu yote yakishatoka, panua hadi mm 3.3 na ubadilishe kleko kuwa za shaba.

Sasa fungua kila kitu. Ndiyo, vyote. Katikati ya mabati kuna chembe za alumini, na kila tundu lina ukingo wenye makali. Chukua biti kubwa, ya mm 8 hivi, uizungushe kwa vidole juu ya tundu mara moja au mbili, pande zote mbili. Nia ni kuondoa makali tu, usichimbe shimo la kichwa. Anayeruka kazi hii anapata mabati yanayoachana kwa unene wa unywele, na riveti inafunga hewa.

Tundu zuri ni la duara, halina mng'aro wa kukwaruzwa upande mmoja, na riveti inaingia kwa kidole bila kucheza. Tundu lenye umbo la yai lipime kwa kalipa, na uliandike kwenye daftari.

Hatua ya 7: Safisha, paka praima

Futa mabati kwa asetoni na kitambaa cheupe mpaka kitambaa kitoke cheupe. Usitumie brashi ya waya wala steeli wuli. Chembe za chuma zinabaki ndani ya alumini na kuanzisha kutu.

Paka praima ya epoksi, safu nyembamba, kwenye nyuso zitakazogusana na za ndani. Ukipewa praima ya zinki kromati dukani, rudisha, maana mvuke na vumbi lake vinahusishwa na saratani. Chagua asubuhi kavu. Mvua ya vuli ikiwa njiani, subiri siku nyingine. Rangi nyingi haina faida, ni uzito tu.

Hatua ya 8: Funga riveti

Rudisha kleko za shaba. Kabla ya riveti ya kwanza, weka kipande juu ya meza na ukague msokoto: kona nne zikae mezani, au nne zote ziwe na pengo sawa. Fanya sasa, kwa sababu boksi likishafungwa pande zote linakuwa gumu ajabu, na msokoto uliomo unabaki milele. Kleko chache zikiwa zimetolewa bado unaweza kulinyoosha kwa mkono.

Soma boksi la riveti kujua inafunga unene gani. Yetu ni mabati mawili, karibu mm 1.2. Riveti ndefu mno inakatika msumari kabla ya kubana.

Anza na vidomo vya mbavu kwenye uso wa boriti, kisha ngozi, tena kutoka katikati kwenda nje, ukiruka tundu moja moja. Bana bunduki wima, kichwa kikiwa kimelala juu ya bati, ndipo uvute. Ukiinamisha bunduki, kichwa kinasimama upande.

Riveti nzuri haizunguki kwa kidole, na wembe haupiti chini ya kichwa. Ikiwa mbaya, toboa kichwa chake kwa biti ile ile bila kupita kwenye bati, usukume mwili utoke, uweke nyingine. Ikianza kuzunguka pamoja na biti, simama na uishike kwa ncha ya bisibisi, la sivyo unapanua tundu.

Hatua ya 9: Kagua, kisha ukate

Laza kipande mezani. Vuta uzi kwenye ukingo wa nyuma. Ukingo ukiwa umepinda zaidi ya mm 1 kwa urefu huu, au kona ikinyanyuka zaidi ya mm 1, hicho hakijapita. Mimi sikubali zaidi ya hapo kwenye kipande cha nusu mita, kwa sababu usukani wa kweli ni mrefu zaidi na kosa hukua nao.

Kikipita au kisipopita, kikate katikati kwa mkasi wa bati na uangalie ndani. Utaona mkia wa kila riveti umefumuka vipi, praima imefika wapi, chembe zimebaki wapi. Mpelekee vipande hivyo mtu anayejua. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo wanafundisha matengenezo ya ndege, na fundi wa ndege mwenye leseni ataona kwa dakika chache kile ambacho wewe huwezi kuona kabisa. Mwombe akosoe, usimwombe asifie.

Kisha rudia kwa 6061-T6.

Hatua ya 10: Agiza mkia peke yake

Watengenezaji wengi huuza ndege kwa mafungu, na baadhi huuza usukani au mkia tu. Agiza fungu hilo, si ndege nzima. Pata wakala wa forodha kabla mzigo haujaondoka, na umpe ankara inayoeleza kila kitu. Mzigo wa maelezo mafupi hukaa bandarini ukila gharama ya hifadhi.

Kreti ikifika, piga picha pande zote kabla ya kufungua. Hesabu kila kipande dhidi ya orodha siku hiyo hiyo, mpaka riveti, kwa sababu muda wa kudai kilichopungua kwa kawaida ni mfupi. Mabati yaliyolowa njiani yatenganishe, yakaushe na yafutwe jioni ile ile, usisubiri wikiendi.